Nilishinda Mchezo wa Udi Pua Yangu Ikiwa Imekufa

Siku niliyotangazwa mshindi wa kutambua udi mbele ya wageni wa heshima, pua yangu ilikuwa haisikii hata samaki anayeungua jikoni.

Sitanii. Ungenichomea kiatu chini ya kidevu nisingejua.

Na bado nilishinda. Waliniinamia wote, kuanzia mwalimu.

Vuta mto ukae, nikueleze ilivyokuwa.

Naitwa Mitsue. Miaka yote nilikuwa mpishi wa shule hapa Kyoto. Mambo ya udi nimeyaanza uzeeni, baada ya mume wangu Eikichi kufariki. Darasa la jioni, kila Alhamisi, nyumbani kwa Mwalimu Kuzuhara.

Nyumbani kwangu nilikuwa nasali asubuhi na jioni mbele ya picha ya Eikichi, lakini kimya cha mle ndani kilikuwa kinauma. Kwa mwalimu kimya kilikuwa na watu ndani yake.

Mnakaa kwa magoti, mmepanga mstari. Chetezo kidogo kinapita mkono kwa mkono. Unakifunika kwa kiganja, unavuta pumzi taratibu, unampa jirani. Hakuna anayeongea. Sisi tunasema udi unasikilizwa, na mimi nilikuwa nikiusikiliza huku moyoni nalitaja jina la Budha Amida, pumzi kwa pumzi.

Sijawahi kusali vizuri kama pale.

Sasa majira ya baridi nikapigwa na homa kali. Nikapona. Pua haikupona.

Nilisubiri wiki, nikasubiri mwezi. Wapi. Nawasha ubani mbele ya Eikichi, naona moshi unapanda, lakini naona tu.

Nikajua nimekwisha. Mwalimu alishamwondoa mama mmoja kwa sababu ya mafua yasiyoisha. Alimwambia kwa upole kabisa, mbele yetu, kwamba asiyesikia udi anakalia nafasi ya anayesikia. Yule mama alikunja leso yake akaondoka, na chetezo kikaendelea kupita.

Nilimwambia mtu mmoja tu. Fusae.

Fusae ndiye aliyekuwa akikaa kabla yangu kwenye mstari. Mjane kama mimi. Mvua ikinyesha tunagawana mwavuli hadi kituo cha basi. Nilimwambia pale kituoni nikilia kama mtoto, nikamwomba asimwambie mtu.

Akanishika mkono. "Dada Mitsue, wewe tazama uso wangu. Nitakubeba."

Mpango wake ulikuwa rahisi. Katika mchezo wetu mwalimu anachoma aina tatu za udi, kisha anazirudia bila mpangilio, na kila mtu anadumbukiza kibao cha jibu lake kwenye kisanduku. Chetezo kinafika kwa Fusae kwanza. Akifumba macho, ni udi wa kwanza. Akimeza mate, wa pili. Akiinua kidevu, wa tatu.

Basi nikaanza kufanya vizuri kuliko nilipokuwa na pua. Wenzangu wakawa wananipongeza kwa kutikisa vichwa. Mwalimu akasema homa imenisafisha.

Kila usiku nikisali nilimtaja Fusae kabla ya kumtaja mwanangu wa kumzaa.

Miti ilipoanza kuchanua, mwalimu akaalika wageni. Watu wazito, wenye kimono za hariri nzito. Fusae alinikonyeza, uso wake ukafanya kazi kama kawaida, na vibao viliposomwa mimi nilikuwa sijakosa hata kimoja.

Mshindi hupewa chetezo cha mwisho cha heshima, asikilize, kisha aseme neno. Kikaanzia kwa Fusae. Alifumba macho muda mrefu. Chozi likamdondoka.

Nikasema moyoni, huu lazima uwe udi wa ajabu.

Nikakipokea. Nikavuta pumzi. Hakuna kitu, joto la jivu tu. Lakini nilikuwa nimeliona lile chozi, nikasema yaliyokuja. Nikasema udi huu umenirudisha kwenye usiku niliokaa na mwili wa Eikichi mpaka kukakucha. Nikasema nahisi kama amekaa hapa kando yangu. Nikalia, tena kilio cha kweli.

Wageni waliinamisha vichwa. Wengine walijifunika nyuso kwa pepeo zao za mkononi, mabega yanatikisika. Nikadhani wanalia na mimi.

Baadaye nikaenda nyuma kuosha vyetezo, maana kazi hiyo niliizoea. Nikafunua kile cha heshima. Juu ya kigae chembamba kinachowekewa udi, badala ya kipande cheusi cha mti, palikuwa na kitu cha kijani. Kimepinda. Upande mmoja umeungua.

Wewe msomaji unakijua hata kama hujawahi kuona udi. Kila nyumba yenye mbu inakijua.

Fusae akaingia na sinia la vikombe. Nikamuuliza hiki ni nini.

"Dawa ya mbu," akasema, kama mtu anayetaja jina la mtaa.

"Nani amekiweka?"

"Mwalimu. Nani mwingine anaruhusiwa kugusa makaa?"

Akaniambia yote huku anafuta vikombe. Kwamba jioni ile ile niliyomlilia kituoni aliwapigia simu wenzetu wote, pamoja na mwalimu. Kwamba ishara za uso wake hazikuwa na maana yoyote, alikuwa akijifanyia anavyotaka, na majibu yalikuwa yanasomwa kufuata vibao vyangu. Kwamba wageni wawili walikuwa wametoka Osaka makusudi, kumwona mama asiye na pua anayelizwa na udi.

Nilimkazia macho.

"Usinitazame hivyo, dada," akasema. "Mimi walinipa ubani wa makaburini, nikausifu mbele ya watu kuwa udi wa kifalme. Hakuna aliyekaa kwenye mstari huu bila kupitia. Wewe sasa ni mwenzetu."

Mwalimu akaniita sebuleni. Akanikorogea chai kwa mkono wake mwenyewe, kitu ambacho hakuwahi kunifanyia. Hakuomba radhi. Aliniambia nafasi yangu ipo, na itakuwepo hata pua isiporudi.

Kisha akasema Alhamisi inayofuata anakuja mwanafunzi mpya, Mzee Nagaoka, dereva mstaafu wa treni. Homa ilimfanya kama ilivyonifanya mimi. Alipopiga simu kuulizia darasa, Fusae ndiye aliyepokea, na mzee wa watu akamweleza siri yake akiomba asaidiwe.

"Utakaa kabla yake," mwalimu akasema. "Una uso unaoaminika."

Wiki nzima nilipiga magoti. Sitakudanganya kuwa jibu lilikuwa wazi. Nilichotakiwa kufanya kilikuwa kidogo mno: kufumba macho, kumeza mate. Na kimya changu ningekipata, pamoja na watu ndani yake.

Alhamisi ikafika. Mzee Nagaoka alikuja na soksi nyeupe mpya, kibandiko cha dukani bado kimeganda kwenye unyayo. Kabla hatujaanza aliniinamia, akaninong'oneza kwamba tangu mkewe afariki huwa anakula amesimama, kwa hiyo kukaa chini na watu ni jambo kubwa kwake. Akasema Fusae amemwambia aangalie uso wangu.

Chetezo kikatoka kwa Fusae, kikaja mikononi mwangu. Mzee akanigeukia, macho yote kwangu.

Nikaongea, kwenye chumba ambacho watu hawaongei.

"Mzee, mimi sisikii kitu. Na hawa wote wanajua kuwa wewe pia husikii. Wanakufanya kichekesho, kama walivyonifanya mimi. Simama twende."

Masikio yake yakawa mekundu. Akamtazama mwalimu. Akanitazama mimi. Nikaona goti lake moja limenyanyuka kwenye mkeka, nikajua amenielewa.

Goti likarudi chini.

Akakichukua chetezo kwa mikono miwili. Akakizungusha kama inavyotakiwa, akakifunika, akavuta pumzi.

"Mama huyu amechoka, msameheni," akasema. "Mimi nasikia vizuri sana. Udi wenu ni mtamu."

Mwalimu akamwinamia.

Nilitoka peke yangu kutafuta viatu vyangu. Nyuma yangu chetezo, bila shaka, kiliendelea kupita.

Simchukii yule mzee. Alinielewa kila neno, kisha akachagua kuchekwa akiwa na watu.

Ninayemwandikia ni wewe unayetafuta utulivu, awe wa chai, wa udi au wa maombi. Wale ni watu watulivu kuliko wote niliowahi kukaa nao. Wanajua kuvuta pumzi na kuishikilia, na ndivyo walivyokuwa wakizuia kicheko. Ukiingia mahali palipotulia sana, usibabaishwe na mikono inayokwenda taratibu. Tazama wanamfanya nini aliye dhaifu kuliko wote humo ndani. Na kama humwoni, basi ujue ni wewe.