Jahazi Lililojengwa Kwenye Foleni

Daktari wa macho alinifuata mpaka mlangoni, na hapo nikajua. Mwenye habari njema hukupa ukiwa umekaa. Alisema jicho la kulia la mama limekwisha, na la kushoto limebaki na kitundu kidogo, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Ni presha ya macho. Dawa ya matone ingechelewesha, isingezuia. Akaongeza kwamba kama kuna kitu mama anatamani kukiona, akione sasa, asisubiri mwisho wa kiangazi.

Njiani kurudi nyumbani Kinama nikamuuliza mama, bila kumwambia kwa nini nauliza. Nilitegemea aseme anataka kumwona binamu yake aliyeko Rumonge, au wale wajukuu wa dada yangu waliohamia mbali, ambao anawajua kwa sauti ya simu tu. Mkono wake ulikuwa umeshika mkanda wa gari.

"Ile jahazi," akasema. "Ile tulivukia na baba."

Nilikasirika, sifichi. Mtu anaulizwa kitu kinachowezekana, yeye anachagua kisichowezekana. Hadithi ya jahazi hilo tulikua nayo mimi na dada yangu kama watoto wengine wanavyokua na ndugu. Babu alikuwa mfanyabiashara wa ndagala, dagaa wa ziwani, na mkewe alipofariki upande wa Kongo, alimchukua mama akiwa na miaka sita akamvusha kumleta Bujumbura kwa shangazi. Siku tatu ziwani, kwa upepo tu. Lakini majahazi ya namna hiyo siku hizi hayapo. Ziwa lina maboti ya mbao yenye mota nyuma, na lile la mama huenda lilioza ufukweni kabla mimi sijazaliwa.

Usiku huo sikupata usingizi, na asubuhi nilikuwa nimeshaamua. Nitamjengea dogo, la kuweka mapajani, alione.

Mimi ni dereva wa teksi. Ila ujanani nilifanya kazi miaka miwili kwa fundi wa makabati, na mikono haisahau upesi. Nilikwenda kwenye maghala ya Zone Industrielle nikaomba makasha yaliyovunjika, nikapata mbao nyepesi za kutosha. Kipande cha mvule kwa ajili ya mkuku, ule mti wa chini kabisa unaobeba chombo chote, nilikitoa kwenye mguu wa kitanda chetu cha zamani. Mke wangu, kama angekuwa hai, angenifukuza nyumbani mimi na mkuku wangu.

Muda nilikuwa nao, tena mwingi kuliko nilivyotaka, kwa sababu esansi, mafuta ya gari, ilikuwa imeadimika. Gari langu lilikaa kwenye foleni ya stasiyo moja ya mafuta upande wa Mutanga Nord siku tatu, siku nne, wakati mwingine juma zima. Huwezi kuliacha muda mrefu, ukiliacha wanakupita. Basi jahazi lilijengwa hapo, juu ya boneti, mbele ya macho ya madereva arobaini wasio na kazi na wenye maoni. Yupo aliyesema pua ya jahazi ni fupi. Yupo aliyetaka nitie usukani wa gari. Aliyenifuata kwenye mstari alikuwa dereva wa kanisa moja, mtu wa Uvira, mwenye tumbo la kucheka.

"We Nuhu," ananiita kila asubuhi, "mvua iko lini?"

"Nikimaliza. Na wewe sikupakii."

"Nitapanda na mbuzi. Mbuzi uliambiwa upakie."

Alinifurahisha, na asingekuwepo nadhani ningempiga mtu. Sikuwa na utulivu hata kidogo. Nilikuwa nikichonga huku nimesimama, nikitembea mpaka mwanzo wa foleni na kurudi, kipande cha mbao mkononi, kisu mkononi, mpaka mwanamke mmoja akamwita mwanawe akae mbali na mimi. Kila jua lilipozama nilihesabu siku moja imetoka kwenye jicho la mama. Ni kama nililiona lile tundu linavyozidi kuwa dogo. Nilikuwa nikifumba jicho moja mwenyewe na kukunja ngumi yenye tundu mbele ya lingine, nikijaribu kujua yeye anabakiwa na nini: nusu ya uso, kidole, kifungo cha shati.

Mwisho wa wiki ya pili lilikuwa jahazi. Dereva wa Uvira alikuwa amenitafutia kwenye simu yake picha ya zamani ya majahazi ya Ujiji, nami nikaifuata: tumbo pana, pua iliyoinuka, mlingoti mmoja ulioinama mbele kidogo, tanga nililolikata kwenye shuka jeupe. Hata walionicheka walikuja kuligusa. Dada yangu, ambaye ndiye anakaa na mama mchana kutwa, alisema nimpelekee hivyo hivyo.

Mimi nikataka kwanza kuhakikisha. Hapo ndipo nilipoharibu.

"Mama," nilimuuliza jioni hiyo nikiwa mikono mitupu, kwa kuwa nilitaka alione likiwa kamili, "lile jahazi lilikuwa na milingoti mingapi?"

Akasita. "Mbili."

Nikarudi kwenye foleni nikang'oa mlingoti. Ili iwe miwili ilibidi nirefushe tumbo, na kurefusha tumbo ni kubomoa mbavu na kuanza upya. Siku kumi na mbili. Nikamuuliza tena, kuhusu rangi. Akasema nyeusi, ya lami. Nikapaka. Juma lililofuata nikamuuliza kama milingoti ile miwili ilikuwa sawa kwa urefu, akaniambia, "Miwili gani? Ilikuwa moja."

"Juzi ulisema miwili."

"Basi mbili."

"Mama, we ulipanda jahazi au uliota?"

Dada yangu aliniangalia kwa jicho kali sana, nami nikastahili. Lakini nilikuwa nawaka. Nikiuliza mlingoti, ananijibu harufu. Nikiuliza tanga, ananieleza maji yalivyokuwa yakigonga mbao karibu na sikio, sauti kama mtu anayebisha hodi na hataki kufunguliwa. Nikiuliza pua ilikuwaje, anasema magunia ya ndagala yalikuwa ya moto mchana na baridi usiku. Nilidhani ni uzee. Nilidhani akili inafuata macho, na hofu hiyo ikanifanya nizidi kumbana, kama ninayeweza kumshikilia asiondoke kwa maswali.

"Mpelekee hivyo lilivyo," dada akasema tena, nje, mlango umefungwa.

"Nimpelekee uongo? Jambo la mwisho aone uongo?"

"Aone kitu, ndugu yangu."

Sikumsikia. Nilirudi kwenye mlingoti mmoja. Nikalifupisha tumbo. Nikalipiga msasa nje na ndani mpaka likateleza mkononi kama sabuni, kwa sababu mtu asiyeweza kutulia akipewa msasa hajui kuacha. Mwisho nikalifunika juu kwa vibao vyembamba, nikatia gundi na misumari midogo. Lilikuwa zuri. Nasema bila aibu, lilikuwa zuri kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Na miezi miwili na nusu ilikuwa imepita.

Asubuhi moja nikiwa gari la tatu kutoka kwenye pampu, dada akanipigia simu. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alisema mama ameamka akauliza kwa nini hawajafungua dirisha, na dirisha lilikuwa wazi, jua limeingia mpaka kitandani.

Nilimpa dereva wa Uvira ufunguo wa gari. Hakuniita Nuhu. Alisema, "Enda, mi nitaisukuma." Nikalibeba jahazi kichwani, nimelishika kwa mikono miwili, nikatembea kutoka pale mpaka Kinama kwa miguu, mara nyingine nikikimbia, tanga linapigwa na upepo na kunivuta pembeni. Watu walicheka, wengine wakanipisha. Kijana wa baiskeli aliuliza ninaliuza kiasi gani, nikamtukana, na yeye hakuwa na kosa lolote.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka uani, kanga begani, miguu ameinyoosha. Nikapiga magoti mbele yake nikaliweka mapajani mwake. Nilikuwa nahema.

"Mama, tazama."

Aligeuza kichwa polepole, kushoto, juu kidogo, chini, kama alivyokuwa akifanya siku zote kutafuta lile tundu lake. Alitafuta muda mrefu. Kisha akatulia, uso ameuelekeza mahali palipokuwa na dada yangu, siyo kwenye jahazi wala kwangu.

"Iko wapi?" akauliza.

Akalikuta kwa mikono. Alipapasa pua, ubavu, akapanda na mlingoti mpaka juu, akashika ncha ya tanga kwa vidole viwili kama anayepima kitambaa dukani.

"Ni nzuri," akasema. Kwa adabu. Hivyo ndivyo anavyosema pale jirani anapomletea chakula asichokipenda.

"Ndilo?" nikauliza. "Mama, ndilo lenyewe? Mlingoti ni mmoja, si ndiyo?"

"Mi sijui, baba."

"Hujui vipi?"

"Mi sikuiona." Alisema kwa sauti ya chini, kama mtoto aliyekamatwa. "Ningeiona wapi? Baba alinibeba niko nalala, akaniweka chini mu ndani, katikati ya magunia, akanifunika juu ya maji, nisilowe. Siku tatu niko humo. Nikitoa kichwa, anairudisha. Tulifika niko na homa, wakanitoa wamenivingirisha mu bulangeti. Ile jahazi mi sikuiona hata siku moja. Ndiyo maana nilitaka kuiona."

"Na milingoti miwili? Na lami?"

"Ulikuwa unauliza na nguvu. Nikaona niseme kitu, utulie."

Nilisimama. Nikaenda mpaka ukutani, nikarudi, nikaenda tena. Wiki ya pili. Lile la wiki ya pili, lenye shuka jeupe, lingetosha kabisa. Jahazi lolote lingetosha, hata lile ambalo watoto wanachora ukutani kwa mkaa. Angelitafuta kwa tundu lake, angelipata, angesema kumbe ndiyo hivi. Mimi nilichukua wiki nane za jicho la mama yangu nikazitumia kubadilisha milingoti. Nilitaka kulirusha jahazi ukutani, na kama lisingekuwa mapajani mwake ningelirusha.

"Kaa," akasema. "Unanitia kizunguzungu na sikuoni hata."

Nikakaa.

"Mu ndani iko namna gani?"

"Nimelifunga, mama. Nimepigilia."

"Fungua."

Dada akaniletea bisibisi. Kile kifuniko nilichokipanga kibao kwa kibao kilipasuka vipande vitatu, na mlingoti ukalegea ukaanguka na tanga lake mkekani. Hakuna aliyeuokota. Mama akaingiza mkono. Vidole vikashuka, vikagusa mkuku, vikapanda ubavuni, vikapita mbavu moja baada ya nyingine, na uso wake ukabadilika. Sikuwahi kumwona mama akiwa na miaka sita, bila shaka, lakini nadhani nilimwona.

"Hizi," akasema. "Hizi ndiyo. Nilikuwa nalala hapa, kati ya hii na hii." Kisha akakunja uso. "Ila ni laini sana. Ile ilikuwa inakwaruza. Mugongo yangu yote ilitoka vidonda."

Nikatafuta tupa yangu kwenye mfuko, ile ya meno makubwa. Nikaanza kukwaruza ndani, mbavu baada ya mbavu, mahali nilipokuwa nimepiga msasa wiki nzima. Vumbi la mbao lilimwangukia kwenye kanga. Kila baada ya muda ninasimama, anaingiza vidole, anasema bado. Simu ikaita, ni dereva wa Uvira, zamu yangu ya pampu imefika. Nikamwambia zamu hiyo achukue yeye.

"Humo ndani kulikuwa giza?" nikamuuliza mama.

"Giza kama hii."

Nilikwaruza kidogo kabla ya kuweza kuuliza lile lingine. "Uliogopa?"

"Siku ya kwanza tu," akasema, na vidole vyake vikarudi vikakaa pale kati ya mbavu mbili, ikabidi nizunguke kwa tupa pembeni yake. "Endelea. Hapa bado."