Uzi Uliokaa Ndani Yangu

Miaka ile ya elfu mbili tuliishi mtaa wa Satellite, mke wangu akishona nguo sebuleni, mimi karani mjini. Nilikuwa na fistula: jipu lilipasuka kando ya njia ya haja kubwa, likaacha kijitundu kilichokataa kufunga. Kilitoa usaha kikipenda. Mke wangu nilimwambia ni mgongo. Aibu, jamani!

Daktari alinieleza njia mbili. Ya kwanza, kupasua kile kijia chote kipone kutoka chini. Wiki kadhaa, kwisha. Lakini changu kilipenya msuli unaobana choo, na ukikatwa sana, choo kingenitoka bila kuniuliza. Ya pili, kupitisha uzi kwenye kijia na kuufunga kitanzi, ncha zikibaki nje, ukae miezi usaha utoke, ndipo wakizibe. Mimi sina subira. Nilitaka kisu.

Pale pa kungojea palikuwa na mzee nadhifu amekalia gazeti. Alipoitwa alilikunja, upande uliolowa ukienda ndani, polepole, huku akinitazama kana kwamba ananijua.

"Mimi nilitaka haraka," akasema.

Nikachagua uzi.

Uzi huo! Nikiinama ofisini niliusikia ukivutika, kama kuna mtu huko ndani ameshika ncha. Nikitulia tuli, unavutika tena. Nikaanza kuogopa kukaa chooni peke yangu.

Jumamosi moja mchana nilikuwa nimekalia karai la maji ya chumvi, mlango sikuufunga. Mke wangu akaingia kuchukua sabuni wakati nainuka. Fundi wa nguo haoni uzi unaning'inia akauacha, na mkasi wake mdogo hauondoki shingoni. Nikasikia mkasi ukikata.

"Hizi nguo zako za ndani zinafumuka," akasema, akavuta autupe. Uzi ukaendelea kuja, mrefu, wenye damu. Mkono wake ukagoma hewani.

"Baba watoto, huu unatoka wapi?"

Nikavuta taulo nikajifunika. Siku ya tatu ngozi ilijifunga juu, usaha ukabaki ndani, nikatetemeka kwa homa. Ikabidi tuende wote kwa daktari, na daktari akaanza upya mbele yake: kisu au uzi?

Mke wangu alisikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia.

"Chagua unachotaka. Choo kikikutoka, nitafua. Ukinificha tena, naondoka."

Nikasema uzi, na nililia nikisema.