Mpishi wa Mikumi aliyekuwa mgeni kwa mwanawe

Watalii wanaoingia hifadhini asubuhi hutaka chai mapema. Scolastica Casmir anageuza chapati kwa mkono mmoja, mwingine unapunguza moto wa gesi. Mlangoni mwa jiko la nyumba ya wageni anakofanyia kazi, mjini Mikumi, binti yake Happyness amekalia ndoo iliyogeuzwa, anahangaika na viatu vya shule.

“Ukimaliza njoo nikuchane,” anamwambia bila kugeuka.

Hadi mwaka jana hawakuwa wakiishi pamoja. Scolastica alilala kazini, akirudi nyumbani kwao Kidete mara moja kwa mwezi. Mumewe, Elikana, ni fundi wa njia ya reli na hutoka nyumbani alfajiri. Mtoto alilelewa na jirani yao, Rebeka.

“Tulijiona tunajitahidi,” anasema Scolastica. “Chakula kipo, nguo zipo.”

Ikaja likizo ya Pasaka. Jioni moja wakiwa wanakula, Happyness alimgeukia baba yake.

“Baba, huyu mgeni anaondoka lini?”

Elikana alicheka. Scolastica aliacha chakula, akatoka nje.

Kesho yake wakagombana. Elikana alitaka mkewe aache kazi.

“Nikamuuliza, kwa nini mimi? Mbona wewe hujafikiria kuacha?”

Elikana hakatai. “Nilizoea kwamba mtoto ni wa mama,” anasema kwa simu kutoka Kidete. “Lakini na mimi nilikuwa naondoka amelala, narudi amelala. Nikaona sina haki ya kumlaumu mwenzangu.”

Walikubaliana Scolastica aache kulala kazini, na mtoto ahamie kwake Mikumi. Siku ya safari Happyness alilia, ameng’ang’ania kanga ya Rebeka.

“Nilimwomba Rebeka anisamehe,” anasema Scolastica. “Akaniambia, ‘Mchukue, dada. Ila usimkataze kunikumbuka.’”

Mwanzo ulikuwa mgumu. Mtoto alisusa kila alichopikiwa, akidai mlenda wa Rebeka.

“Mpishi mzima, nikapiga simu kuuliza mlenda unapikwaje!” anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anacheka.

Msimamizi wake, Herman, alimruhusu aje na mtoto kabla ya shule, mradi asikaribie moto. Mchana humchukua jirani wa hapo Mikumi, hadi mama atoke kazini.

Mpango huo nao umeacha pengo. Elikana sasa anaishi peke yake, na huja Mikumi akipata mapumziko tu. Mara ya mwisho alikuta binti yake anajua kusoma jina lake mwenyewe, na baba hakuwepo alipojifunza.

Elikana ameomba uhamisho wa kwenda Kilosa mjini, ili waishi wote pamoja. Scolastica naye ameanza kuulizia kazi kwenye majiko ya shule huko, ingawa anajua huenda cheo kikashuka.

“Akipata uhamisho tu, nahama,” anasema huku akifuta mikono. “Hata nikipika ugali na maharage kila siku, sawa. Nataka Happyness atuzoee wote wawili, mpaka atuchoke.”