Marahaba ya Mama Herman

Watu wa Mogitu wakikusalimia, wanakusalimia kweli. Mimi natoka Same, na kwetu tuna adabu zetu, lakini nilipopangiwa kufundisha shule ya msingi huku chini ya mlima Hanang, nilijikuta nachelewa kazini kila asubuhi kwa sababu ya salamu tu. Mzee hapitwi hivi hivi. Unasimama, unasema shikamoo, unangoja marahaba, kisha unaulizwa habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, na ukidhani mmemaliza unaulizwa habari za wanafunzi. Mwalimu mkuu alinikaripia kwa muda, halafu akaacha, maana na yeye alikuwa anachelewa kwa njia ile ile.

Aliyenifundisha haya ni jirani yangu, Mama Herman. Jina lake la ubatizo lilikuwa Verediana, lakini hapa mwanamke akishazaa, jina lake linawekwa kando anaitwa kwa mtoto. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye maneno machache na macho yasiyokuachia. Mimi naongea sana, kila mtu anajua, kwa hiyo tulielewana.

Alizaliwa Tlawi, juu kwenye baridi ya Mbulu ambako mashamba yamebanana mpaka mbuzi wa mtu akigeuka amekula mahindi ya jirani. Akaolewa na Gidamis, wakashuka Hanang kutafuta ardhi. Watoto wake wawili wa kwanza walikufa wakiwa bado wananyonya. Siku hizo Wairaqw walikuwa bado wanashika sana metimani. Nyumba iliyopatwa na msiba wa namna hiyo ilitengwa. Mama hakwenda kuteka maji na wenzake, hakuomba moto kwa jirani, hakuna aliyekunywa naye kibuyu kimoja, mpaka miezi ipite na wazee waseme basi. Kanisa lilipopata nguvu desturi hiyo ikalegea, lakini yeye ilikuwa imeshampitia mara mbili.

"Mwalimu, njaa naijua," aliniambia siku moja tukipukuchua mahindi. "Kupigwa nako nakujua. Lakini mtu akupite njiani, atazame pembeni kama wewe ni jiwe! Hicho ndicho nilikiogopa maisha yangu yote."

Mtoto wa tatu, Herman, akapona. Gidamis alifariki mtoto akiwa bado shuleni, na Verediana akamlea peke yake kwa mahindi, mbaazi na ng'ombe wa maziwa, mpaka akamaliza kidato cha nne. Herman alipochaguliwa kuwa mwenyekiti wa kijiji, mama yake alivaa kitenge kipya na kukaa mbele kabisa. Sitaficha, nami nilimpenda Herman. Alikuwa na kicheko kinachofungua mlango, na madarasa mawili ya shule yetu ni yeye aliyesumbua watu mpaka yakaezekwa.

Chini ya kijiji kuna chemchemi isiyokauka, na mbele yake malisho mapana ya kijiji kizima. Akina mama ndio walioijengea mawe ng'ombe wasiikanyage, na Verediana alibeba mawe yale mgongoni akiwa bado kijana. Hakuna aliyewahi kuuliza ni ya nani. Unaulizaje mwezi ni wa nani?

Kisha ukaja mkoa mpya wa Manyara, Babati ikawa makao makuu, na ardhi ambayo jana ilikuwa ardhi tu ikaanza kuwa na bei. Magari yakaanza kupita na wapimaji. Neno mwekezaji likaingia vinywani mwa watu kama neno la Injili. Siku moja tukaamka tukakuta nguzo na waya zimezunguka malisho na chemchemi, na mlinzi tusiyemjua ameketi langoni. Mtu wa mbali, mwenye gari jeupe, ameuziwa.

Herman akatangaza kwamba kijiji kimekaa mkutano na kukubali. Mkutano huo mimi sijui ulikaa wapi, labda ndani ya gari la diwani, maana kijijini hakuna aliyeuona. Tulichoona ni pikipiki mpya ya mwenyekiti na bati jipya la mwenyekiti. Diwani alikuwa anajiandaa kugombea ubunge, na kiti chake alikuwa ameshamwahidi Herman. Jambo jingine tuliloliona ni dogo, lakini hapa kwetu si dogo. Herman aliacha kuwaambia wazee shikamoo. Akipita kwa pikipiki alipunga mkono akasema, "Habari zenu!" kama tarishi wa wilayani.

Didas ndiye aliyethubutu. Alikuwa mkulima wa kawaida, mtu mzima kuliko Herman kwa miaka mingi, mume wa rafiki yangu Scolastica. Katika mkutano wa hadhara alisimama, akavua kofia, akauliza swali moja tu.

"Mwenyekiti, huo mkutano ulikaa wapi, na mimi nilikuwa wapi?"

Watu wakacheka. Herman hakucheka. Alitazama mgambo, na mgambo wakamshika Didas hapo hapo mbele ya watoto wake, wakampeleka kwenye kile chumba cha mahabusu nyuma ya ofisi ya kata. Kilio chake tulikisikia sote tukiwa tumesimama pale pale kwenye jua la mchana. Alipotolewa kupelekwa wilayani, damu ilikuwa inamtoka sikio la kushoto. Kosa lake likaandikwa uchochezi na kuharibu waya, ambao hakuwahi kuugusa. Kila kesi ilipotajwa, tuliambiwa upelelezi haujakamilika. Scolastica alikuwa anakwenda na chakula, anarudi na sufuria tupu na macho mekundu.

Verediana alimfuata mwanawe nyumbani kwake chini ya lile bati jipya. Nilikwenda naye kwa sababu aliniomba.

"Herman, mtoe Didas. Wewe ndiye mlalamikaji. Useme neno moja tu."

"Mama, haya ni mambo ya serikali. Wewe kaa, nikuletee soda."

"Maji ninayokunywa yako nyuma ya waya."

"Nitakuchimbia kisima chako mwenyewe, mama. Cha hapo hapo mlangoni."

Soda ililetwa. Hakuigusa. Aliinuka, tukaondoka.

Parokia yetu wakati huo ilikuwa na mmisionari kutoka Guatemala, tulimwita Padre Xavery. Kiswahili chake kilichechemea lakini kilifika. Jumapili moja alihubiri juu ya kwao. Alisema huko nako wakulima waliuliza habari za mashamba yao, na walioshika madaraka wakawachukua kwa magari, mmoja wa waliochukuliwa akiwa kaka yake mwenyewe, na mpaka leo hawajaonekana. Alisema mama zao walikwenda mjini wakasimama mbele ya nyumba ya serikali na picha za watoto wao vifuani, siku baada ya siku, na wenye nchi wakapita na magari yao bila kuwatazama. Aliposema hayo alishika meza ya altare kwa mikono yote miwili.

Baada ya misa Verediana alimngoja mlangoni.

"Baba Padre, hao waliochukuliwa nimesikia mama zao. Je, hao waliowachukua? Wao hawakuwa na mama?"

Padre Xavery alimgeukia. "Walikuwa nao," alisema. "Sijui walisema nini."

"Haya," alisema Verediana, akafunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, akaenda zake.

Kampeni za mwaka 2005 zikaanza. Herman alizindua ya kwake ya udiwani uwanjani pa shule yetu, na siku hiyo alitaka mambo yafanyike kwa desturi. Mgombea wa huku hawezi kutoka bila baraka ya mzazi. Mzazi anaipokea salamu yake mbele ya watu, anamnyunyizia maziwa kutoka kwenye kibuyu, anamwombea, na wazee wanaitikia. Kiti kiliwekwa mbele kwa ajili ya Verediana, kibuyu cha maziwa miguuni pake. Nilikaa karibu naye. Diwani alikuwepo na miwani yake ya jua, spika zinapiga nyimbo.

Herman akashuka jukwaani na suti. Akasimama mbele ya mama yake, akainama vizuri kabisa, kama zamani.

"Shikamoo mama."

Spika zilizimwa ili watu wasikie. Verediana alikuwa anamtazama usoni. Kimya.

Herman akatabasamu, akageukia watu kidogo kuonyesha kwamba mama amezeeka, masikio hayo. Watu wakacheka kwa wema. Akainama tena, akapaza sauti.

"Shikamoo mama!"

Verediana akanigeukia mimi. "Mwalimu," alisema, na uwanja wote ulisikia, "mimi nimesikia."

Kisha akachukua kibuyu, akayamwaga maziwa yote chini, taratibu, akasimama. Mtu wa huku akikuona unamwaga maziwa chini kwa makusudi, ni afadhali ungempiga kofi. Akasema, "Kuanzia leo msiniite Mama Herman. Niiteni Verediana." Akaondoka kwa miguu katikati ya watu, nao wakampisha.

Niliona uso wa Herman. Namwonea huruma mpaka leo, na simwonei huruma. Alimwendea mzee wa karibu, Basili, akamwamkia. Basili akatazama pembeni. Akamwamkia bibi mmoja aliyemfahamu tangu anazaliwa. Bibi akainama kufunga kamba ya kiatu, na miguuni alikuwa pekupeku. Hakuna aliyekuwa amepanga jambo hilo. Lakini Wairaqw wote wa umri ule walikuwa wanaijua metimani, na walipoona mama mwenyewe ameifunga nyumba ya mwanawe, hawakuhitaji kuelezwa.

Tangu siku hiyo hakuna mke aliyekwenda kuomba moto kwa Herman wala aliyempa mkewe moto. Kibuyu hakikupita kwao. Aliposhindwa uchaguzi hakuna aliyekwenda kumpa pole. Diwani naye, alipoona Herman hana tena watu wa kumletea, akawa hampokei. Mlalamikaji akaacha kwenda mahakamani, na kesi ya Didas ikafutwa kwa sababu hiyo hiyo ya upelelezi usiokamilika. Didas akarudi na sikio moja. Lile la kushoto halikusikia tena.

Waya haukuondoka. Mwenye gari jeupe hakujali marahaba za mtu. Tulipeleka malalamiko wilayani, tukapeleka mkoani, wakaja watu wa tume, wakanywa chai shuleni kwetu, wakaenda. Akina mama waliendelea kuteka maji mbali, kwenye korongo, Verediana akiwa kati yao na mgongo wake ule uliobeba mawe.

Herman alihamia Babati, akafungua duka la vifaa vya ujenzi. Kila Krismasi alikuja. Verediana alimpikia makande, akamtengea, akakaa naye akimtazama anavyokula. Akiumwa alimshika paji la uso. Lakini alipoingia na kusema shikamoo mama, hakuitikiwa. Niligombana naye mara nyingi. Nilimwambia, "Verediana, ni mtoto wako, unajiua." Alinijibu mara moja tu.

"Nikimwitikia mimi, nani atamkataza? Nyie mna watoto wengi. Mimi nina huyo mmoja, na alichowanyang'anya nawalipa kwa huyo."

Kisha akalia. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo, na sikumwona tena.

Alifariki mwaka 2012, mwezi wa kuvuna mbaazi. Herman alikuja mapema, akachimba kaburi pamoja na vijana, hakuna aliyemzuia wala aliyemsemesha. Baada ya sala, watu walipoanza kutawanyika, alibaki amesimama juu ya udongo ule mbichi. Nilimsikia anasema, "Shikamoo mama." Akangoja. Mimi niliondoka, sikuweza kuvumilia.

Kisha akaenda kwa Basili akachukua nyundo na koleo la kukatia waya bila kuomba, akateremka bondeni na suti yake ya msiba. Alianzia langoni. Mlinzi alipiga kelele, akapiga simu, Herman akaendelea kukata nguzo hadi nguzo, mikono inamtoka damu. Ng'ombe wa kijiji walipoona uwazi hawakungoja ruhusa ya mtu. Gari la polisi lilipofika walikuwa wameshajaa kwenye chemchemi, na Herman alikuwa amekaa juu ya jiwe mojawapo la mama yake. Aliwaambia polisi kwamba mkutano ule haukuwahi kukaa, na kwamba atalisema hilo mahakamani na jina la diwani pamoja. Wakampeleka kwanza kwenye chumba kile kile, nyuma ya ofisi ya kata.

Kesho yake Scolastica alipika ugali na mlenda, akamwita mumewe, nami nikafuatana nao. Sikumuuliza kwa nini. Mgambo alifungua. Herman alikuwa amekaa sakafuni, tope la kaburi bado kwenye viatu. Alipomwona Didas alisimama, akainamisha kichwa.

"Shikamoo mzee."

Didas alisogea, akageuza kichwa.

"Rudia, mwanangu. Sikio hili halisikii."

Herman alirudia. Sauti ilimkatika katikati, lakini ilifika.

"Marahaba," alisema Didas, na Scolastica akaweka sufuria chini akaanza kupakua.