Posa ya Mpanga Nyumba ya Upepo

Kwetu kijana hendi mwenyewe kwenye posa. Wanakwenda wazee wake. Lakini baba wa huyu aliyemtaka mjukuu wangu, alipokuja kwangu Thamesmead, huku London, mara ya kwanza, ndugu yangu wa kiume alimuuliza mwanawe anafanya kazi gani, mzee wa watu akababaika: "Ya ndege... ila si rubani." Tukamwambia arudi na huyo kijana ajieleze.

Jumapili wakaja. Mjukuu wangu, niliyemlea mwenyewe, nikamwamuru akae jikoni kimya. Alishaniambia, "Bibi, mkimkataa huyu siolewi tena." Mie sitishwi na mtoto niliyemwogesha.

Kijana akatandaza ramani kwenye zulia langu, akaikandamiza kwa sahani za kaimati isijikunje. Akasema zinatakiwa ndege za kuishinda sauti kwa mbio, mara tano na zaidi. Ukipiga kelele, ndege imeshafika, kelele ingali njiani. Lakini kwanza zipimwe kwenye handaki la upepo. Matangi yanajazwa upepo mchana kutwa, unaachiwa uipige ndege ya mfano humo ndani, kufumba na kufumbua umekwisha.

"Ndege yenyewe iko wapi?" ndugu yangu akauliza.

"Bado haijaundwa, mzee."

"Na handaki?"

"Bado. Mimi napanga jengo lake. Hapa matangi, hapa ukuta mnene, majirani wapate kulala."

"Kiwanja?"

"Kinatafutwa."

Ndugu yangu akanigeukia. "Dada, huyu anapanga nyumba isiyokuwapo, ya kupimia ndege isiyokuwapo, juu ya kiwanja kisichokuwapo. Mke wa nini?"

"Mke ndiye pekee aliyepo, mzee," kijana akajibu.

Jikoni kikapasuka kicheko. Baba mtu akainamisha uso. Mie nikauma midomo, sikutaka waone nimelegea.

"Umeanza lini kuipanga hiyo nyumba?" nikamuuliza.

"Mwaka wa nne huu, bibi. Kila wakubwa wakikutana wanairudisha, naanza upya."

"Hukasiriki?"

"Nakasirika. Kisha nachora tena."

Nikamtazama vizuri. Mjukuu wangu ukimwambia tutoke saa nne, saa sita bado anachagua mtandio, na ukimhimiza anaanza upya. Mwanamume wa kumstahamili nilikuwa sijamwona.

Nikamwambia ndugu yangu basi, maswali yametosha, posa nimeikubali. Nikamwita mjukuu wangu alete chakula. Akatoka na sinia, uso umemwiva kwa aibu, na mtandio si ule aliokuwa nao wageni walipobisha hodi.