Kanzu Nyeupe na Kifungio cha Kanga Mpya

Ijumaa ya pili ya mfungo mosi, mwaka huu, tulimzika shangazi yangu Mwanahamisi hapa Ruaruke, kabla watu hawajaingia msikitini. Alikuwa dada wa baba yangu, na ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Baba alikuwa kibarua kwenye kivuko cha Ndundu, enzi hizo daraja halijajengwa, na kambi ya vibarua haikuwa mahali pa kulelea mtoto wa kike.

Siku ya tatu ya matanga, wasichana wawili waliotoka Kibiti walikuta kapu la vitambaa vya shangazi ukumbini. Wakavigeuzageuza, mmoja wao akaniuliza ni nani sasa atakayewashonea vifungio vya zawadi. Sikumjibu siku ile. Ndiyo maana namwandikia huyo aliyeuliza. Mimi niliishia darasa la saba, mwanangu, na kalamu kwangu ni nzito kuliko jembe, lakini nitakwambia ninachokijua, pamoja na lile ambalo ningependa usilijue.

Kifungio ni kitambaa cha mraba cha kufungia zawadi badala ya karatasi. Siku hizi madukani kuna karatasi za kumetameta, na zinapendeza, sitasema uongo. Lakini huchanwa mara moja tu, na kesho yake utaziona jaani, au zimepeperushwa na upepo hadi kwenye mpunga wa watu. Kifungio cha shangazi kilikuwa kinakwenda na kurudi. Aliyepewa zawadi alikifungua, akakifua, akakianika, kisha akamrudishia shangazi kikiwa na kitu ndani: mchele mpya, kamba wakavu, hata ndimu tano. Kulikuwa na kimoja cha buluu kilichokwenda harusini na kwenye arobaini za watoto mara nyingi hata yeye mwenyewe akaacha kukumbuka kimeanzia kwa nani.

Na kushona alikuwa anajua. Hakuwa na cherehani. Alichukua kanga au kitenge kilichochakaa katikati, akakiinua kwenye mwanga wa mlangoni kutafuta sehemu iliyo nzima, akakunja kona moja mpaka ukingo wa pili, kinachozidi akakata. Hapo amepata mraba bila kipimo. Pindo alilikunja mara mbili, jembamba kama uzi wa kanzu, ili nyuzi zisifumuke kikifuliwa. Halafu alikitumbukiza kwenye maji ya wali yaliyopoa, akakikung'uta, akakianika kivulini, na kabla hakijakauka sawasawa akakipiga pasi ya mkaa. Kikitoka hapo kinasimama chenyewe. Nimeona mafundi wa mjini tangu siku hizo, wengine wana mashine za umeme, lakini sijaona pindo lililonyooka kama la shangazi yangu.

Kufunga nako alikufanya kama mtu anayemvika mtoto nguo. Zawadi aliilaza katikati, kona zikiitazama pande nne. Kona mbili zilipishana juu yake bila kufungwa. Mbili zilizobaki zilikutana juu, zikapigwa fundo la kuvutika, zikaachwa kama masikio mawili. Mpokeaji anavuta sikio moja tu, kitu chote kinafunguka mbele yake. Shangazi alikuwa anasema kwamba zawadi haifai kumtoa mwenyewe jasho.

Alikuwa na sharti moja ambalo halikuwa na mjadala. Kitambaa kipya hakifungi zawadi ya mtu mpaka kimelala kwenye maji ya chumvi na kufuliwa mara tatu, mpaka maji yawe meupe. Kanga mpya huchuja, hasa nyekundu. Wasichana wote wa mtaa wetu walilijua hilo, na mimi nililijua kuliko wote.

Sasa iko siku moja ambayo sijapata kuiondoa moyoni. Nilikuwa na miaka kumi na saba au kumi na minane. Rehema, binti wa pekee wa shangazi, alikuwa anaolewa na Saidi, kijana wa kisiwani huko delta. Kwetu upande wa mke ndio unaoshona kanzu ya bwana harusi na kuipeleka siku moja kabla ya ndoa. Kanzu ile shangazi aliidarizi shingoni kwa mkono wake mwezi mzima. Asubuhi ya safari alinikabidhi kanzu na kile kifungio cha buluu, kilichofifia mpaka kinakaribia rangi ya majivu, akasema, "Zena, funga vizuri," akaenda kushughulikia vyungu.

Nikakitazama kitambaa kile, mwanangu, nikaona haya. Nikawawazia wanawake wa kisiwani wamekaa mkekani wanasema watu wa Ruaruke wameleta kanzu kwenye tambara. Mimi nilikuwa na doti ya kanga mpya, nyekundu na nyeupe, kaka yangu aliniletea kutoka Dar es Salaam, bado inanukia duka. Nikaikata. Nikalipiga pindo harakaharaka, nikaifunga kanzu, nikasimamisha masikio mawili, ikawa kama ua. Kile cha buluu nikakificha chini ya godoro.

Tukangoja maji yajae, tukapanda mtumbwi, wanawake saba na mpiga kasia. Tulipokwisha kukaa ndipo shangazi alipoona nilichopakata. Akakigusa kwa vidole viwili.

"Hiki umekitia chumvi?"

"Ndiyo, shangazi."

Akatikisa kichwa kukubali, akaanza kuongea na wenzake. Hakukigusa tena.

Mtumbwi ulikuwa unavuja kidogo. Mimi sikuzoea maji. Tulipoingia kwenye mkondo mwembamba wa mikoko, mtumbwi ukayumba, nikaliweka furushi miguuni nikashika ukingo kwa mikono miwili. Nilipolinyanyua lilikuwa limelowa upande mmoja. Nikaligeuza upande mkavu juu.

Tulipokelewa kwa vigelegele. Bi Hadija, mama yake Saidi, alikaa mkekani akalipakata furushi, akalisifu fundo kabla hajalivuta, akasema mikono ya Ruaruke inajulikana. Kisha akavuta sikio moja. Kanga ikafunguka kama nilivyoiota ikifunguka. Juu ya kifua cha kanzu nyeupe palikuwa na doa jekundu kubwa kuliko kiganja, na mistari imeshuka mpaka kwenye pindo.

Vigelegele vikakatika. Bibi mmoja nyuma akauliza kwa sauti ya chini kama kuku amechinjiwa juu ya kanzu. Watu wakacheka, wakaacha, kwa sababu Bi Hadija hakucheka.

"Mwanahamisi," akasema, "mwanangu anakwenda kuoa au anakwenda machinjioni?"

Shangazi alinitazama. Hakunitazama kwa muda mrefu. Mimi nikatazama mkeka. Hapo ndipo ningesema, mwanangu, na maneno yalikuwa machache tu. Sikusema.

"Kosa limetoka nyumbani kwangu, mkwe wangu," shangazi akasema. "Nipeni beseni, ndimu na chumvi."

Akaketi uani kwa watu, na nguo zake za harusi, akaisugua kanzu huku wanawake wakipita na kuchungulia. Ilianikwa juani, ikapakwa ndimu tena, ikaanikwa tena. Doa likapungua, likabaki kama alama ya mtu aliyemwagikiwa na chai. Wengine walitaka kuazima kanzu kwa jirani. Ni Saidi mwenyewe aliyekataa. Alisema hiyo ndiyo kanzu aliyoshonewa na mama mkwe wake, na akivaa koti juu hakuna atakayeona. Kesho yake akafunga ndoa na koti zito katika joto lile, jasho likimchuruzika mpaka kidevuni, na hakulivua mpaka mwisho.

Ndoa ikapita salama. Jina la shangazi ndilo halikusalimika. Kisimani walisema macho ya Mwanahamisi yamekwisha. Msimu wote uliofuata hapana aliyemletea kitambaa. Shangazi hakuwa anashona ili apate chochote, alikuwa anashona kwa sababu watu walimhitaji. Nikawa namwona jioni amekaa mlangoni, kapu liko pembeni, mikono imelala mapajani. Na mimi nilikuwa nampikia chai, namwekea sukari, nanyamaza. Niliogopa kurudishwa Ndundu kambini. Hilo ni kweli, lakini si lote. Nilipenda pia kuonekana binti mwema, na niliendelea kupenda hivyo huku nikimwona anaumia.

Mwaka haujaisha, Rehema akajifungua. Bi Hadija akatutumia mtu kutuita kwenye arobaini ya mtoto. Mjumbe alifikisha salamu, kisha akaongeza kwa kucheka kwamba Bi Hadija amesema safari hii zawadi zije kwenye karatasi. Shangazi alikuwa ameshika mkasi, ameanza kukata kitambaa kidogo cha mjukuu wake. Akasema, "Sawa, tumesikia." Akaurudisha mkasi kapuni, taratibu, akaufunika.

Kumwona anaufunika mkasi ule kulinishinda.

Tulipofika kisiwani, wanawake wamekaa, zawadi zimewekwa katikati, nikasimama. Sauti yangu ilitoka ndogo mpaka wakaniambia nirudie.

"Kanzu ya bwana Saidi niliifunga mimi. Kwa kanga mpya. Shangazi aliniuliza kama nimeitia chumvi, nikamwambia ndiyo. Nilimdanganya."

Bi Hadija alinikazia macho. "Na umekaa na hilo muda wote huu, unamwangalia tu?"

"Ndiyo, mama."

Akamgeukia shangazi. "Mwanahamisi, wewe ulikuwa unajua?"

"Nilijua palepale mkekani. Kilichotiwa chumvi hakichuji vile."

"Sasa mbona uliniacha nikakusema mbele za watu?"

Shangazi alikuwa amempakata mjukuu wake. Alimweka sawa kwanza. "Halikuwa langu kulisema," akajibu. "Lilikuwa lake. Nilikuwa nangoja."

Bi Hadija akasema kwa ukali kwamba watu wa Ruaruke wana subira ya kumtia mtu wazimu. Watu wakacheka, na yeye safari hii akacheka. Kabla hatujaondoka aliingia ndani akatoka na vitenge viwili vya zamani, akamwambia shangazi atoe humo vifungio vinne, na pindo liwe lilelile jembamba, asije akamfanyia uvivu. Tangu siku hiyo mlango wetu haukukosa mtu mwenye kitambaa kwapani.

Njiani kurudi nilingoja matusi. Sikuyapata. Mtumbwi ulipotoka kwenye mikoko ndipo shangazi alipozungumza, maneno machache, nami nayaandika kama alivyoyasema:

"Kanga mpya ningekusamehe siku ileile, Zena. Kila msichana hupenda kipya. Lakini nilikuuliza, ukanijibu, nami nikaacha kukagua kwa sababu aliyejibu ni wewe."

Hakurudia tena habari hiyo maisha yake yote. Hata tulipogombana kwa mengine, na tuligombana sana, hakuitoa. Mimi nimejaribu kuwa hivyo kwa watoto wangu na nimeshindwa mara nyingi.

Basi, mwanangu, uliyeuliza ni nani atakayekushonea: jishonee. Huhitaji kununua kitu. Tafuta kanga ya mama yako iliyochoka, au shuka, au kitenge kilichobaki kwa fundi. Weka zawadi katikati uone kama kona zinapita juu yake na kuzidi shubiri moja. Zikizidi hapo, kinatosha. Kunja pindo mara mbili, usifanye haraka. Tia maji ya wali. Usione haya kwa kitambaa kilichofifia, maana kimefifia kwa kuwa kimefuliwa, na kwa sababu hiyo hakitamharibia mtu nguo. Kikirudi kwako, shukuru kwa kilichomo. Kikija kwako cha mwenzako, usikiweke kabatini kikawa chako. Kifue ukirudishe, na ndani tia chochote ulicho nacho.

Na ukiulizwa juu ya kazi ya mkono wako, jibu ilivyo. Kama hukutia chumvi, sema hukutia. Utaaibika kwa muda wa kuvuka mto, basi. Mimi niliogopa aibu hiyo fupi, nikambebesha mwingine aibu ya karibu mwaka mzima, tena mtu aliyenipikia na kunisuka nywele. Ukiwa umekwisha kukosea na umenyamaza, usiseme muda umepita. Nenda ukaseme mbele ya walewale waliosikia uongo.

Alhamisi, siku moja kabla hajatutoka, shangazi aliswali adhuhuri amekaa kitandani. Alipomaliza alinishika mkono akaniombea dua, nami nakupa wewe dua hiyohiyo, sina nzuri kuliko hiyo. Alisema, "Mungu aibariki kazi ya mikono yako, akupe watu wa kukuuliza, na akupe ulimi wa kuwajibu kweli." Nikaitikia amina. Akaomba maji. Nikamnywesha kijiko kimoja, cha pili akakataa, akageukia ukutani, akalala.