Tisa Sita Kwenye Ukuta wa Jiko

Kila nikisikia harufu ya samadi mbichi inayopakwa ukutani, nageuza njia. Wengine huwakumbusha nyumba mpya. Mimi hunikumbusha namba, na namba yenyewe naijua kama jina langu: 142857.

Nilikuwa darasa la sita, kijijini kwetu Nyabusozi. Mwalimu wetu wa hesabu aliiandika ubaoni, akatuambia tuizidishe kwa mbili. Ikatoka 285714. Kwa tatu, 428571. Jamani! Tarakimu zilezile, zimefuatana vilevile, ila kila mara zinaanzia mahali pengine, kama watu wanaozunguka kwenye ngoma. Mpaka mara sita mambo ni hayohayo. "Mara saba mtajionea wenyewe nyumbani," akasema huku anacheka.

Nyumbani tulikuwa watoto sita, na mama alikuwa na mimba kubwa ya wa saba. Basi mimi na kiherehere changu nikachukua kipande cha mkaa, nikaandika kwenye ukuta wa jiko: Masanja mara moja, Milembe mara mbili, hadi mdogo wetu Ngasa mara sita. Nilifurahi kweli kuona sote ni namba moja. Kisha nikazidisha kwa saba, fungu la aliye tumboni, ikatoka 999999. Nikarudia. Tisa tupu! Hakuna hata tarakimu moja ya kwetu.

Hapa lazima niwaambie: kwetu Wasukuma, watoto walikuwa hawahesabiwi. Mgeni akimuuliza mama ana watoto wangapi, alijibu, "Wapo, hawahawa unaowaona." Hata ng'ombe, baba aliwajua kwa rangi zao. Wakubwa waliamini ukihesabu unaita kitu kije kupunguza.

Bibi, mama yake baba, akaingia kuchukua maji. Kusoma hakujua, lakini mistari saba aliiona.

"Umewahesabu?"

"Shikamoo bibi. Ni hesabu za shule..."

"Nimekuuliza. Huyu wa mwisho nani?"

"Wa tumboni."

Hakunipiga. Heri angenipiga. Alikwenda zizini, akachota samadi mbichi kwa mikono, akaipaka juu ya namba zote mpaka hazikuonekana tena. "Sasa tungoje," akasema.

Jioni hiyohiyo mama alishikwa na uchungu, akapelekwa hospitali ya Biharamulo kwa pikipiki. Sikula. Nilimwomba Mungu azifute zile tisa kokote zilikokwenda. Siku ya tatu mama alirudi mikono mitupu. Bibi akanitazama mbele ya watu wote, na mimi nikajua kwamba nimeua.

Nilibeba hilo miaka ishirini. Chuoni nilifundishwa kwamba namba ile hutokana na kugawa moja kwa saba, kwa hiyo zile tisa ni za lazima, hazimjui mtu. Nilielewa vizuri sana, lakini sikupona. Mwaka juzi, tukichambua maharage, nikamwambia mama yote huku nalia.

Mama akasukuma ungo pembeni. "We Kabula! Mtoto aliacha kucheza tumboni tangu Jumapili. Wewe uliandika lini?"

"Jumatano."

"Bibi yako nilimwambia Jumatatu asubuhi. Akasema nisisumbue watu, mtoto amelala."

Bibi alikwisha kufa, na nilikuwa nimemlilia sana. Kumbe alipoingia jikoni siku ile alikuwa anajua tayari, akaona mistari yangu, akaniachia mimi kosa lake. Nilikuwa na miaka kumi na miwili.